Mabomba ya chuma ya nyumba ya zamani: ukiziba hapa linatoboka pale. Chanzo hasa ni nini?

Mwanajinja

Habari zenu wakuu.

Nyumba ya familia yetu iko Jinja mjini, mitaa ya nyuma ya Main Street, zile nyumba zenye mwaka wa kujengwa uliochorwa kwa saruji juu ya kibaraza. Yetu imeandikwa 1951, yaani ilikuwa na watu ndani kabla bwawa la Owen Falls halijafunguliwa mwaka 1954. Mabomba ya maji ni GI, yaani chuma kilichopakwa zinki, nusu inchi na robo tatu, yamezikwa ndani ya kuta na chini ya sakafu.

Shida ilianzia ukuta wa bafu. Rangi ilivimba ikabanduka, fundi akapasua plasta, akakuta katundu kadogo tu kanarusha maji. Akafunga mpira wa tyubu na kilampu, pakakauka. Baada ya muda ukuta wa jikoni nao ukalowa, bomba lile lile, hatua chache mbele. Fundi mwingine akakata kipande, akaweka kipya kwa soketi na yunioni, vile viungo vya kukaza. Sasa panavuja pale pale kwenye soketi, na chini ya sinki kumeanza unyevu. Huyu wa sasa anataka tung'oe yote. Mama hataki kusikia, maana sakafu yake ni ile nyekundu ya saruji inayosuguliwa nta mpaka inang'aa, na ikishavunjwa siku hizi hakuna wa kuirudisha ilivyokuwa.

Ninachouliza: kwa nini tundu likizibwa jingine linafunguka? Ni presha? Kutu? Maji yenyewe? Kila fundi ana jibu lake na kila jibu lina bei yake.

Boda_Malaba

Sabuni ya mche, mkuu. Tangi la pikipiki likitoboka njiani tunasugua sabuni pale penye tundu na tunafika nyumbani.

Ila nyinyi watu wa Jinja mna mambo. Mto Nile uko mlangoni na bado mnalilia maji ya bombani!

Fundi_Katwe

Boda, hiyo ya sabuni ni kweli kwenye petroli, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni. Kwenye maji unaipaka saa nne na saa tano imeshakwenda na maji. Usimpe mwenzio dawa ya tangi akaipake bombani.

Kama usiku umekukuta na tundu ni dogo, chonga kijiti cha kiberiti, kisukume ndani, kivunje usawa wa bomba. Mti ukilowa unavimba na kujibana wenyewe. Juu yake zungusha mpira wa tyubu ukiuvuta kwa nguvu kila mzunguko, kisha kilampu mbili. Hapo unalala. Lakini hiyo ni ya kulala tu, asubuhi mtafute fundi.

Sasa Mwanajinja, la soketi inayovuja. Uliza huyo fundi alikata nyuzi, ile mistari ya kukazia kiungo, kwenye bomba gani. Nusu inchi ya daraja la kati ikiwa mpya ina unene wa milimita 2.6 hivi. Dai, kile kifaa cha kukatia nyuzi, inachukua milimita 1.16. Inabaki moja na nusu, na hiyo ni kwa bomba jipya. Bomba lenu limeliwa kwa ndani tangu 1951. Ukiliwekea dai unakata nyuzi kwenye kutu. Zitaonekana nzuri kwa macho, soketi itaingia, tepu nyeupe utazungusha, na maji yatapita tu, maana nyuzi zenyewe zimeshatoboka chini.

Kuhusu matundu kuhama, mimi nasema ni presha. Ulipoziba la kwanza, presha ikatafuta penye udhaifu.

Kyambogo_Uhandisi

Fundi hapo kwenye nyuzi umenena, nakupa heshima yako. Kwenye presha nakupinga.

Presha ndani ya nyumba inatokana na kimo cha tangi linalolisha mtaa. Kila mita 10 za kimo ni takribani bar 1. Tundu la sindano haliwezi kupunguza presha ya nyumba nzima, kwa hiyo kuliziba hakuwezi kuiongeza. Bomba halikujua hata kama lilikuwa linavuja.

Kinachoweza kuumiza ni maji kukatika na kurudi. Yakikatika, hewa inaingia bombani. Chuma kilicholowa na hewa juu yake kinaota kutu haraka kuliko kilichojaa maji muda wote. Yakirudi yanaisukuma ile hewa mbele kwa kishindo, unasikia mabomba yanagonga ukutani. Bomba lililobaki na ukuta mwembamba linafunguka siku hiyo. Mwanajinja, huwa yanavuja baada ya maji kurudi?

Mzee_wa_Reli_Tororo

Salaam vijana. Nimefanya kazi karakana ya reli, nimefunga mabomba kwenye kota nyingi za wafanyakazi.

Mnalaumu bomba la 1951 bure. Hata hilo shirika la maji la taifa, NWSC, liliundwa 1972, bomba limelitangulia kwa miaka 21 na lilikuwa kazini. Lililoharibu ni kipande kipya. Zamani bomba la Mwingereza lilikuwa na mkanda wa rangi mwishoni: kahawia ni jepesi, bluu ni la kati, jekundu ni zito. Hiyo ni BS 1387, kanuni ya viwango ya Uingereza, na kila fundi aliijua. Jekundu la nusu inchi lina milimita 3.2 za ukuta, kahawia lina 2 tu. Toa hizo 1.16 za Fundi Katwe kwenye kahawia, haibaki hata milimita moja. Leo unakwenda dukani unaomba bomba la nusu inchi, unapewa tu, huulizwi rangi wala huoni mkanda.

Na hiyo tepu nyeupe mnayoitegemea! Sisi tulitumia katani na rangi nyekundu ya madini ya risasi. Kiungo changu cha wakati ule ukitaka kukifungua leo ulete moto.

Fundi_Katwe

Mzee wangu shikamoo. Katani naikubali mia kwa mia, mpaka leo kwenye nyuzi zilizochakaa naitumia katani badala ya tepu, maana inavimba ikilowa. Lakini ile rangi nyekundu ni risasi kweli, ni sumu, na maji hayo watoto wanakunywa. Siku hizi tunapaka ile nyeupe isiyo na risasi. Na mnaofungua viungo vya zamani, msivisugue vikavu kwa brashi mkavuta lile vumbi jekundu. Lowesheni kwanza, na mnawe kabla ya kula.

Mama_Bombo

Nyumbani kwetu Bombo walituletea mtu wa kuchomelea. Bomba lilikuwa nje, linaonekana, tukasema si kazi kubwa. Akachomelea tundu juu kwa juu, moshi mweupe ukamjaa usoni, mchana mzima anafanya kazi. Jioni akaanza kutetemeka, homa, kifua kinabana, tukadhani malaria. Asubuhi ya pili akawa mzima. Wenzake wakasema kosa ni kutokunywa maziwa kabla ya kuanza.

Na bomba? Lilikaa kavu msimu mmoja, kisha likafunguka pembeni ya kovu la weldingi, kulia na kushoto.

Kyambogo_Uhandisi

Mama Bombo pole kwa huyo kijana. Hiyo ni homa ya moshi wa zinki. Inakuja saa chache baada ya kazi na huondoka ndani ya siku moja au mbili, ndiyo maana watu huichanganya na malaria. Maziwa hayaizuii. Kinachozuia ni kuikwangua zinki yote pale unapochomea, kukaa upande upepo unakotoka na kuvaa barakoa ya moshi, si kitambaa. Kifua kikizidi kubana, hospitali.

Kuhusu kufunguka kulia na kushoto: zinki inachemka kwenye nyuzijoto 907, na moto wa weldingi unapita hapo mbali. Kwa hiyo pembeni ya kovu zinki imeondoka, nje na ndani. Nje unaweza kupaka rangi. Ndani nani atapaka?

Fundi_Katwe

Hapa Katwe kila mchomeleaji anakunywa maziwa, Kyambogo. Utawaambia nini?

Kyambogo_Uhandisi

Wanywe, ni chakula. Halafu wavae barakoa.

Dada_Arua

Mimi nadhani mnakwepa maji yenyewe. Huku West Nile visima vya pampu ya mkono, zile U2, mabomba ya GI yanayoshuka chini yanaliwa mpaka maji yanatoka mekundu asubuhi. Watu wanafua nguo nyeupe zinakuwa za udongo, chai inakuwa nyeusi, wanakiacha kisima na kurudi kwenye kijito. Wataalamu waliokuja kupima walisema maji yana tindikali kidogo, na pH, kile kipimo cha tindikali, ikishuka chini ya 6.5 zinki haikai. Hakuna presha ya tangi pale, hakuna fundi mbovu, hakuna kukatika maji. Ni maji yanakula chuma.

Bomba la kwao Jinja si linakunywa maji pia?

Kyambogo_Uhandisi

Dada Arua hoja yako ina uzito, ila maji ya kisima chenu na ya Jinja ni tofauti. Jinja wanakunywa Ziwa Victoria lililosafishwa. Hayo ni maji laini, hayana chokaa nyingi. Uzuri wake sabuni inatoa povu upesi na birika haliwi jeupe ndani. Ubaya wake hayajengi ule utando wa chokaa unaolifunika bomba kwa ndani na kulikinga. Basi bomba linabaki na zinki peke yake, na zinki kazi yake ni kuliwa kwanza ili chuma kipone. Ikiisha, ni zamu ya chuma.

Kasese_Mlimani

Wazee wangu walikaa kota za Kilembe enzi za mgodi wa shaba, na kule kila mtu alijua kitu kimoja: upande wa maji ya moto ndio unaotangulia kuvuja. Mwanajinja, angalia. Bafu na jikoni, si ndiko maji ya moto yanakopita?

Kyambogo_Uhandisi

Kasese umefungua mlango mwingine kabisa. Maji yakipita nyuzijoto 60 hivi, kwenye baadhi ya maji zinki huacha kukilinda chuma, hata hugeuka ikawa chuma ndicho kinacholiwa. Na kama hita ina koili ya shaba halafu maji yake yanaingia bomba la GI, chembe za shaba zinasafiri na maji, zinatua juu ya zinki, na kila zilipotua panachimbika shimo. Kanuni ya zamani ya mafundi ni shaba isitangulie GI kwenye njia ya maji. Ikifuata nyuma si neno sana.

Mtanga_Kansanga

Mimi Mtanzania ninayeishi Kansanga, nawasoma tu na chai yangu. Mmeshafika kwenye kemia ya mgodi na mama wa watu bado ana ndoo chini ya sinki!

Nunueni bomba la plastiki la ile mikanda ya bluu na viungo vya kukaza kwa mkono, kateni palipooza, unganisheni, kazi imekwisha.

Fundi_Katwe

Mtanga, shida ya watu wa chai ndiyo hiyo. Kiungo cha kukaza cha plastiki cha milimita 20 kimetengenezwa kwa bomba la plastiki la milimita 20 kwa nje. Nusu inchi ya GI kwa nje ni milimita 21.3. Hakiingii. Cha 25 hakiingii kwenye robo tatu, maana hiyo inakaribia 27. Nimeona watu wanalipiga msasa bomba mpaka liingie, wanalimaliza ule unene uliobaki.

Kama hutaki kukata nyuzi, kuna kiungo cha chuma chenye ringi ya mpira na nati kila upande, kinalishika bomba la GI kwa nje. Vinapatikana maduka ya Nabugabo, Kampala, ukiuliza vizuri. Lisafishe bomba mpaka ling'ae, liwe mviringo, vinginevyo ringi haishiki.

Mpangaji_Ntinda

Samahani kuingilia. Mnaojua sheria za nyumba: bomba likivuja ndani ya ukuta, bili ni ya mpangaji au mwenye nyumba? Mwenye nyumba wangu anasema maji yamepita kwenye mita, mimi ndiye niliyeyatumia.

Mama_Bombo

Yakishapita mita, kwa shirika ni ya mteja, hilo halina ubishi. Kati yako na mwenye nyumba ni mapatano yenu. Lakini mpangaji hana ukuta wala bomba, atalitengenezaje? Mimi nina vyumba vya kupangisha na bomba la ukutani ni langu, koki iliyovunjwa na mtoto ni ya mpangaji.

Kwanza hakikisha kama kweli linavuja. Funga koki zote za ndani, hata ya choo, nenda kwenye mita uangalie kale kagurudumu kadogo. Kakizunguka, maji yanakwenda mahali. Uniti moja ni lita 1,000, yaani jerikani 50. Tundu linalojaza jerikani moja kwa nusu saa linakula karibu uniti nzima kwa siku, usiku na mchana, nawe umelala.

Mpangaji_Ntinda

Kanazunguka. Asante Mama.

Fundi_Waya_Mbale

Mimi ni wa umeme, si wa maji, na nimekaa kimya nikingoja mtu aseme. Hakuna aliyesema, basi niseme mimi, na tafadhali someni mpaka mwisho.

Nyumba za 1951, na nyingi zilizofuata, ethi yake, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme wa hitilafu, ilifungwa kwenye bomba la maji. Bomba la GI lilitoka barabarani likiwa chuma tupu limezikwa ardhini, kwa hiyo mafundi wa wakati huo walifunga waya wa ethi kwenye bomba kwa kilampu ya shaba na kazi ikaisha. Mwanajinja, nenda karibu na ubao wa fyuzi, fuata ule waya wa kijani au ulio uchi. Kama unaishia kwenye bomba, simama hapo hapo.

Kwanza, anayekata bomba hilo kwa msumeno anaweza kupigwa shoti. Friji au hita ikiwa na hitilafu, umeme wake unapita kwenye bomba kwenda ardhini. Ukilikata, mkono mmoja wa fundi uko kipande hiki na mwingine kipande kile, yeye ndiye anakuwa waya. Amelowa, amepiga magoti kwenye maji. Kabla ya kukata, zima umeme wa nyumba nzima, na hata ukishauzima funga waya mnene kutoka upande mmoja wa mkato hadi wa pili, kwa kilampu zinazoshika chuma kilichosafishwa.

Pili, na hii ndiyo inaniumiza roho: watu wanabadilisha mabomba yote yanakuwa ya plastiki, maji yanapita vizuri, wanashangilia, na nyumba imebaki bila ethi. Hakuna taa itakayozimika kukuambia. Utajua siku mtoto anagusa friji kwa mkono uliolowa. Ukiweka plastiki, piga nondo ya ethi mpya ardhini, ipimwe, na mweke swichi ya kukata umeme unaovuja. Kazi ya bomba isianze kabla ya hiyo.

Tatu, jibu la swali lenyewe. Nyumba ikishakarabatiwa watu huongeza nondo ya ethi ya shaba, lakini bomba la zamani linabaki limefungwa kwenye waya ule ule. Sasa ardhini kuna shaba na chuma, vimeunganishwa kwa waya, na udongo una unyevu. Hiyo ni betri. Katika betri hiyo kinacholiwa ni chuma. Nimeona bomba la Mbale limeliwa kwa nje, upande wa chini tu, mita chache kutoka kwenye nondo.

Mzee_wa_Reli_Tororo

Fundi Waya, hilo la ethi ni kweli tupu. Kota zetu zote zilikuwa hivyo. Asikie kila mwenye nyumba ya zamani.

Lakini la betri silikubali kwa Mwanajinja. Mabomba yake yanatoboka ndani ya kuta, si ardhini.

Kyambogo_Uhandisi

Mzee, betri inaweza kuwa hata bila nondo. Bomba jipya likiunganishwa na la zamani kwenye udongo ule ule, jipya ndilo linalokuwa upande wa kuliwa, kwa sababu la zamani limeshajivika kutu. Ndiyo maana kipande kipya wakati mwingine kinakufa kabla ya mzee wake, na watu wanalaumu duka.

Mzee_wa_Reli_Tororo

Kumbe unakubali kipande kipya ndicho kibovu.

Kyambogo_Uhandisi

Si kibovu, Mzee! Kimewekwa mahali pabaya.

Mwanajinja

Jamani asanteni sana, sikutegemea yote haya. Nijibu kwa pamoja.

Kasese: ndiyo, bafu na jikoni ni upande wa moto. Lakini chini ya sinki panapoanza sasa ni upande wa baridi. Hita ni ya umeme, sijui ndani ina nini.

Kyambogo: la jikoni lilifunguka baada ya maji kukatika na kurudi. La bafu sina hakika.

Fundi Waya: nimefuata waya. Unaingia ukutani nyuma ya ubao wa fyuzi na kutokea nje karibu na mita ya maji, kilampu ya shaba imeshika bomba, imekuwa ya kijani. Nimewaambia wote nyumbani hakuna kugusa bomba kwa msumeno.

Na kile kipande fundi alichokata nilikuwa nimekihifadhi stoo, leo nimekipasua kwa urefu. Nje kina rangi ya kijivu safi, mtu angekinunua. Ndani njia ya maji imebaki kiasi cha penseli kupita. Kumejaa vinundu vya kahawia, vigumu juu, na ukikivunja kimoja kwa bisibisi ndani yake kuna tope jeusi lililolowa, linanuka. Chini ya tope hilo kuna shimo, na kwenye kinundu kimoja shimo limefika upande wa pili. Palipo na matundu pana vinundu, ila pana vinundu vingi ambavyo havijatoboa bado. Nimejaribu nyuzi za mwishoni kwa ukucha wa kidole gumba, zinapukutika.

Fundi_Katwe

Nyuzi kama hizo zinazopukutika kwa ukucha ndizo alizofungia soketi. Basi.

Dada_Arua

Na hilo tope jeusi linalonuka ni maji yamelifanya, si dai.

Kasese_Mlimani

Upasue na kipande cha upande wa baridi tulinganishe. Bila hicho bado nasimama na hita yangu.

Mtanga_Kansanga

Na ile epoksi ya kukanda kwa vidole, ya sehemu mbili? Dada yangu aliziba nayo Entebbe na imekaa.

Fundi_Katwe

Inakaa kama chuma chini yake kipo. Piga msasa mpaka bomba ling'ae, kausha, kanda mpaka rangi iwe moja, bandika pana kuliko tundu. Nyingine zinashika hata penye maji, soma pakiti. Lakini kwa kipande alichokieleza Mwanajinja, hapo unapopiga msasa unaweza kutokea ndani.

Mwanajinja

Tulichokubaliana na Mama mpaka sasa: sakafu haivunjwi. Mabomba ya zamani yatafungwa na kuachwa humo humo, mapya yatapita juu ya ukuta kwa ndani, PPR, zile plastiki za kuunganishwa kwa moto, ili jua lisiyafikie. Fundi wa umeme anakuja kwanza kupiga nondo ya ethi na kuipima, wa maji anafuata. Kipande cha nje kutoka mita hadi ukutani bado tunabishana.

Fundi_Waya_Mbale

Hapo umenifurahisha. Akimaliza kupima muombe akuandikie namba ya omu, kile kipimo cha ukinzani wa ethi, kwenye karatasi, usikubali "iko sawa" ya mdomo.

Fundi_Katwe

PPR mashine ifike nyuzijoto 260 kabla ya kuchomea, na ukishachomeka usizungushe. Fundi akizungusha kiungo kikiwa moto, mfukuze. Na upande wa moto chukua zile za ukuta mnene.

Mzee_wa_Reli_Tororo

Kutoka mita hadi ukutani weka GI ya mkanda mwekundu, usisikilize watu wa plastiki. Jembe la shamba likiigonga, plastiki imekwisha.

Kyambogo_Uhandisi

Mzee, ya plastiki ukiizika chini vya kutosha jembe haliifikii, na haioti kutu.

Mzee_wa_Reli_Tororo

Panya je?

Boda_Malaba

Mzee kaleta panya, mtahangaika naye mpaka kesho.

Mwanajinja, yale ya chini ya sinki na ya nje mkiyang'oa msiyauze vyuma chakavu Kisenyi kwa kilo. Robo tatu inafaa nguzo za kamba ya kuanikia.

Mama_Bombo

Robo tatu itapinda ukianika mablanketi. Inchi moja na robo ndiyo nguzo. Kuna mwenye nazo ndefu, futi nane hivi, upande wa Bombo au Wobulenzi? Nahitaji nne.